Mkimtoa Mpiga Nanga, Mtabaki na Mavazi

Yapo maneno ambayo mtu huyasikia kila panapozungumzwa habari ya kuigeuza tamthilia ya historia kuwa filamu. Huambiwa kwamba jukwaa ni mahali pa kusema na filamu ni mahali pa kuonyesha. Kwa hiyo mwenye kutaka kutoka huku kwenda kule sharti apunguze maneno. Na katika maneno, la kwanza kupunguzwa ni shairi. Wimbo wa mwombolezaji hukatwa, majigambo ya shujaa hukatwa, na manju aliyekuwa akisimama pembeni ya jukwaa na kutoa hukumu huambiwa apige ala yake taratibu, nyuma ya picha, asimkere mtazamaji. Kinachobaki ni mikuki, vumbi, kofia za Mjerumani na mavazi ya kukodi. Makala haya yanakusudia kuipinga kauli hiyo, na kuipinga bila kutafuna maneno.

Naandika kama mtu wa Kaagya, Bukoba Vijijini, katika nchi ya Wahaya iliyo magharibi ya Ziwa Victoria, nikiwaandikia wasomaji wa visiwani na wa pwani ambao ushairi kwao ni chakula cha kila siku. Kuna neno moja tunalolitumia sote kwa mambo mawili. Kwenu nanga ni chuma kinachokishika chombo kisichukuliwe na mkondo. Kwetu enanga ni ala: ubao uliochongwa mfano wa hori, ukatandazwa nyuzi saba au nane, na mtu mmoja akaketi nao akaimba habari za wafalme, za mashujaa na za miungu. Huenda maneno hayo mawili hayana nasaba hata kidogo. Lakini kazi zake zinafanana mno. Hiyo ala ndiyo iliyoishika nchi yetu isichukuliwe na mkondo, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuandika.

Tamthilia za historia tunazo, wala hatuna haja ya kuona haya mbele ya taifa lolote. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Bukoba, alitoa Mukwava wa Uhehe mwaka 1979, juu ya mtawala ambaye fuvu lake lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na halikurudi Uhehe mpaka mwaka 1954. Emmanuel Mbogo alitupa Ngoma ya Ng'wanamalundi. Kenya walitupatia kesi ya Dedan Kimathi, kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, nasi tukaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Hazina ni kubwa. Lakini maisha ya kazi hizi yamekuwa zaidi maisha ya darasani. Kijana wa Kaagya hukutana na Kinjeketile katika karatasi ya mtihani, akaulizwa ajadili dhamira na wahusika, akapata alama zake, akaenda zake. Hajamwona Kinjeketile akitoka majini. Kwa hiyo anayesema kwamba tamthilia hizi zinastahili kuingia katika filamu, mimi ni wa kwanza kumwitikia. Ugomvi wangu naye unaanzia pale anapochukua mkasi.

Tuanze na mfano ambao wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa. Fumo Liyongo yumo gerezani Pate. Mfalme amekwisha kuamua afe. Kijakazi Saada humletea chakula, na walinzi hukila kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anaokoka kwa njia gani? Kwa shairi. Anatunga maneno ambayo walinzi wanayasikia wasiyaelewe, Saada anayapeleka kwa mama yake, na mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, unamfikia. Kisha kelele za ngoma ya gungu zinaufunika mlio wa tupa inapokata pingu. Sasa mleteni huyo bwana wa mkasi, mwenye kusema shairi huchelewesha kisa. Alikate. Liyongo hatoki gerezani. Shairi katika kisa hicho halikuwa ua la kupambia meza. Lilikuwa ufunguo wa mlango.

Na Kinjeketile ni vivyo hivyo. Hussein aliwatahadharisha wasomaji wake kwamba huyu wa tamthilia ni kiumbe cha sanaa yake, asichukuliwe kuwa ndiye yule Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Kwa nini alihitaji kusema hivyo? Kwa sababu kilichomshughulisha hakikuwa vita bali neno. Mtu anatamka neno, neno linawaunganisha watu waliokuwa maadui, kisha linamtoka mkononi mwake na kwenda lisikotumwa. Mwishoni, akiwa amefungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kwamba akikiri, adui atapata la kuwaambia watoto na wajukuu wa wale waliokufa. Huo ndio mzizi wa mchezo wote: neno limezaliwa na aliyelizaa hana tena haki ya kuliua. Mtu akiigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu ya bunduki za mzinga na watu wanaoanguka, atakuwa amepiga picha vita ambavyo Hussein hakuviandika, na kuacha neno ambalo ndilo aliloliandika.

Wapinzani wetu wanalo jibu. Wanasema: hayo ni mambo ya wasomi, mtazamaji wa kawaida hapendi mashairi katika filamu. Ajabu ni kwamba maneno haya husemwa hata katika pwani yetu. Ndugu zangu, nani aliyejaza viti vya Majestic, Empire na Cine Afrique pale Mjini Unguja kwa miaka na miaka? Ni filamu za Kihindi. Na filamu za Kihindi zilikuwa nini kama si mashairi yaliyotiwa muziki? Wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi. Lakini walitoka mlangoni na nyimbo midomoni, na taarabu yetu ikachota humo tuni ambazo mpaka leo zinachezwa harusini. Watu waliokariri nyimbo za lugha wasiyoijua, leo wanaambiwa hawawezi kustahimili beti za lugha waliyozaliwa nayo!

Katika filamu hizo ipo moja inayotuhusu kuliko zote, kwa kuwa ni filamu ya historia iliyochipuka kutokana na tamthilia. Nayo ni Mughal-e-Azam, ya mwongozaji K. Asif, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kazi ya zaidi ya miaka kumi. Mzizi wake ni Anarkali, tamthilia ya Kiurdu ya Imtiaz Ali Taj ya mwaka 1922: kisa cha mwana wa mfalme Akbar na mchezaji ngoma wa kasri waliyependana naye. Kama kisa hicho kilitokea au hakikutokea, wanahistoria na wagomvane. Tazameni lililofanywa na filamu. Kilele chake si vita vya baba na mwana, ijapokuwa vita vimo, na tembo wamo, na majeshi yamo. Kilele ni wimbo. Anarkali anasimama katika ukumbi wa vioo, mbele ya mfalme mwenye uwezo wa kumuua, anaimba kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa. Na sura yake inatokea katika kila kioo cha dari, hata mfalme hana pa kugeuzia macho. Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, lakini pahali hapo ikapakwa rangi kamili. Asif alijua gharama iwekwe wapi. Aliiweka kwenye shairi. Na watu wakamlipa.

Mpinzani mwerevu zaidi atanitajia Mjapani Akira Kurosawa. Mwaka 1957 alilichukua tamthilia la Shakespeare la Macbeth, akaliingiza katika Japani ya zamani za mabwana wa vita, na akayatupa maneno ya Shakespeare yote, asibakize hata ubeti. Je, filamu hiyo, Throne of Blood, haikufaulu? Ilifaulu, tena sana. Lakini tuangalie alichoweka mahali pa alichokitoa. Alileta Noh, tamthilia ya kale ya kwao: mwendo wake, nyuso zake zilizotulia kama barakoa, filimbi yake na ukimya wake. Na filamu inafunguliwa na kufungwa kwa sauti za watu wakiimba juu ya mahali palipokuwa na ngome na sasa hapana kitu. Msomaji wa Al-Inkishafi hana haja ya kuelezwa hilo ni jambo gani. Amekwisha kuyaona magofu ya Pate. Kwa hiyo Kurosawa hakuutoa ushairi. Aliutoa wa mgeni akauweka wa wenyewe. Anayetaka kuyatupa maneno ya Mulokozi au ya Hussein kwa hoja hiyo, na atueleze Noh yake ni ipi. Kama jibu lake ni ngoma ya kinanda cha umeme iliyonunuliwa tayari, basi asimtaje Kurosawa.

Sasa tuje barani kwetu, kwa mwandishi mmoja aliyepatwa na yote mawili. Wole Soyinka aliandika Kongi's Harvest katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 ikawa filamu, ikaongozwa na Mmarekani Ossie Davis, na Soyinka mwenyewe akaigiza nafasi ya Kongi. Baadaye aliikana kazi hiyo. Tamthilia iliyojaa nyimbo za kasri la Oba Danlola na kejeli za ndimi mbili ilikuwa imegeuka kisa cha dikteta na wapinzani wake. Nusu karne baadaye, tamthilia yake ya 1975, Death and the King's Horseman, inayotokana na tukio la Oyo la miaka ya 1940, ilichukuliwa na Biyi Bandele. Soyinka aliiandika kwa Kiingereza kilichobeba methali za Kiyoruba mgongoni. Bandele akafanya lililohitaji moyo: akairudisha katika Kiyoruba. Wakoloni wakaachiwa Kiingereza chao. Wenye nchi wakasema lugha ya nchi. Mpiga sifa, ambaye katika tamthilia ndiye anayemsindikiza Elesin mpaka ukingoni mwa mauti, hakufukuzwa. Akapewa Brymo, mwanamuziki hasa, aimbe. Filamu hiyo, Elesin Oba, ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwezi Septemba 2022. Bandele alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Inazo dosari zake, na mahali pengine bado inanuka jukwaa. Lakini ndani yake watu wa Oyo ni watu wa Oyo.

Soyinka, katika dibaji ya tamthilia hiyo, aliwaonya watakaoichezesha wasiifanye kisa cha mgongano wa tamaduni mbili, Mzungu huku na Mwafrika huku. Afisa wa Kiingereza, alisema kwa maana, ni kichocheo tu. Kisa chenyewe kipo kati ya mtu na wajibu wake kwa waliokufa, waliopo na watakaozaliwa. Onyo hilo nalibeba mpaka Bukoba, kwa sababu naona hatari iliyo mbele yetu. Filamu ya historia ya Bukoba, ikifanywa na watu wasiotusikiliza, itaanza mwaka 1890, siku Emin Pasha alipofika na kujenga kituo cha Wajerumani ufukweni. Kana kwamba kabla ya siku hiyo tulikuwa tumelala! Mtu mweupe atatua kutoka mtumbwini, na historia itaanza kupumua.

Hali hii tumekwisha kuiona kwa jirani. Vita vya 1978 na 1979 viliingia kwetu kwa miguu. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mpaka mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, raia wakauawa na ng'ombe wakaswagwa. Dunia ilipokuja kumtazama Amin katika filamu kubwa ya mwaka 2006, The Last King of Scotland, ilimtazama kwa macho ya daktari wa Kiskoti ambaye hakupata kuwapo. Alibuniwa na mwandishi wa riwaya. Filamu hiyo haikutoka katika tamthilia, na sifa za mwigizaji wake mkuu sizipingi. Ninachokisema ni kwamba kisa kisichokuwa na manju wake mwenyewe hukodishiwa macho ya mgeni.

Basi tumsikilize manju wetu. Mpiga enanga ni jukwaa la mtu mmoja. Yeye ndiye omukama, yeye ndiye mke wa omukama, yeye ndiye mjumbe anayeleta habari ya kifo. Vidole vinakwenda, sauti inapanda na kushuka, na waliokaa wanaitikia. Ndivyo zilivyopokewa habari za Rukiza, za Kachwenyanja, za Mugasha mwenye Ziwa na tufani. Kando ya enanga kuna majigambo, ambayo Wahaya huita ebyebugo na vitabu vya fasihi simulizi vya Kiswahili vikayapa jina la vivugo: mtu anasimama na mkuki mbele ya mtawala, anataja nasaba yake na aliyoyatenda, na kwa kuyataja anafunga ahadi ya atakayoyatenda. Hicho si kipambo cha sherehe. Ni kiapo mbele ya mashahidi. Mulokozi, aliyezichunguza tenzi za enanga katika tasnifu yake ya mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitufundisha kwamba hizi ni tenzi za kishujaa kwa maana kamili ya neno, zenye haki ya kukaa safu moja na tenzi za mataifa mengine.

Atakayesema kwamba hayo ni nyimbo tu na si historia, nampeleka Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba. Wazee wa pale walikuwa wakisimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ukaanguka. Walikuwa na mti wao, Kaiija, na jina lenyewe linataja mahali pa kufulia chuma. Mgeni asiye na subira angecheka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefika miaka ya mwisho ya 1960, hakucheka. Alichimba pale palipotajwa na masimulizi. Wakakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zamani za zaidi ya miaka 2,000. Kwa muda wote huo hapakuwa na hati, hapakuwa na jiwe lililoandikwa. Palikuwa na midomo ya watu. Masimulizi ndiyo yaliyouonyesha wembe wa mchimbaji mahali pa kukata.

Na kamera imekwisha kufika kwetu mara moja na kufanya adabu. Wazee waliokuwa wamebaki na ujuzi walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma kama walivyofanya babu zao, na jambo hilo likaingia katika filamu ya kitaalamu The Tree of Iron ya mwaka 1988. Filamu hiyo ni ya kumbukumbu, si ya maigizo. Lakini ilitambua jambo ambalo watengenezaji wa maigizo wanalisahau: kwamba mzee na maneno yake ndiye kiini, na moto ni shahidi wake. Waliofanya hivyo walikuwa wageni. Je, sisi wenyewe tutafanya pungufu ya hapo?

Fikirini tamthilia moja ambayo Bukoba inaidai. Mtawala Kahigi wa Kihanja alifanya urafiki na Wajerumani na kuutumia kuongeza nguvu zake juu ya majirani. Alikuwa shujaa? Alikuwa msaliti? Hakuwa mmojawapo kwa ukamilifu, na hapo ndipo penye tamthilia. Mtaarifu wa kisasa atamhukumu kwa dakika tano. Manju wa kasri hawezi. Yeye anakula chakula cha mtawala, analazimika kumsifu, na sifa zake zina miiba kwa anayejua kusikiliza. Mtu wa namna hiyo, aliyekaa pembeni na ala yake, anasifu huku analaumu, ana thamani kuliko vikosi viwili vya askari waliokodiwa. Mkimwondoa mmewaondoa watu wote wa nchi, maana yeye ndiye mdomo wao uliokubaliwa na kasri.

Hapa linakuja suala la lugha, nami sitalikwepa. Redio na televisheni zetu zimelelewa kusema Kiswahili na Kiingereza, na ilikuwapo sababu njema: taifa la makabila zaidi ya 120 lilihitaji sauti moja. Mimi ni mtoto wa Kiswahili hicho na makala haya yameandikwa kwacho. Lakini sababu njema ya jana isigeuzwe kisu cha leo. Wahusika wa filamu na waseme Kiswahili, kama Mulokozi alivyowasemesha Wahehe Kiswahili na hakuna aliyedhulumika. Mpiga enanga, hata hivyo, na aimbe Kihaya chake. Mwombolezaji wa Kihehe na aomboleze Kihehe. Shairi linaloishi katika mizani ya lugha moja halihamishwi kama kabati. Watakaosema huo ni ukabila, wataje kabila la Kihindi lililoletwa na Majestic.

Na kwa kuwa mtazamaji anahitaji kuelewa, patakuwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Ndipo ninapowageukia nyinyi, washairi wa visiwani na wa pwani. Maandishi hayo, katika filamu zetu nyingi, huachiwa kijana asiyelipwa, tena huandikwa kwa Kiingereza kibovu, kama vile majina mengi ya filamu zetu za Kiswahili yalivyoandikwa kwa Kiingereza, tangu Girlfriend ya mwaka 2003. Kwa nini yasiandikwe kwa Kiswahili, na yaandikwe na malenga? Kwa nini wimbo wa Mugasha usisomwe chini ya picha kwa mizani na vina, kazi ya mtu wa Pemba au wa Lamu aliyekaa na mtu wa Kaagya wakashauriana neno kwa neno?

Kuna deni hapa, na sioni vibaya kulitaja. Mwaka 1999 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Tenzi Tatu za Kale: Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona. Mhariri wake alikuwa huyo huyo Mulokozi. Mwana wa upande wa pili wa Ziwa alikaa na maneno ya Pate na Siyu, akayachambua, akayafafanua, wala hakusema hayo ni ya watu wa pwani hayanihusu. Huku kwetu hutaniwa kwamba sisi ni nshomile, watu wa kujisifia kusoma. Haya, tumesoma tenzi zenu. Nanyi zisomeni zetu.

Limebaki neno la fedha, maana wapinzani wetu wakishindwa kwa hoja hukimbilia mfukoni. Filamu ya historia ni ghali, wanasema. Serikali haina pesa, wafadhili hawapo. Nakubali ni ghali, kwa jinsi wanavyoifikiria. Aliyetupa shairi sharti anunue vita, kwa kuwa lazima apatikane wa kumshughulisha mtazamaji. Vita vinahitaji watu mia tano na baruti. Shairi linahitaji mtu mmoja anayelijua, na taa iliyowekwa vizuri usoni mwake. Kinjeketile gerezani ni watu wawili na mlango. Liyongo na Saada ni watu wawili na dirisha. Umaskini wetu, badala ya kuwa udhuru wa kuutoa ushairi, ndio hoja kubwa ya kuubakiza. Kilicho ghali ni kuiga wengine.

Basi masharti yangu kwa atakayeichukua tamthilia ya historia na kuitia katika filamu ni matatu. Asilikate shairi lililobeba tendo. Asimweke mgeni katikati ya kisa cha wenyeji. Na manju asimfanye mwanamuziki wa nyuma ya pazia. Amweke mbele ya kamera, na jina lake liandikwe pamoja na majina ya waigizaji. Tamasha la filamu linalofanyika Zanzibar tangu mwisho wa miaka ya 1990, chini ya kuta za Ngome Kongwe, ni mahali pafaapo pa kuyapima masharti hayo. Iletwe filamu ya namna hiyo hapo, ionyeshwe usiku mbele ya watu wa pwani, tuone kama hawataitikia.

Lakini isichelewe. Filamu inaweza kungoja fedha miaka kumi, mzee hangoji. Wapiga enanga waliojifunza kwa watu waliojifunza katika vikale vya wafalme, kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963, wanahesabika, na kila msiba unapotokea Bukoba au Muleba hesabu hupungua. Mikuki ya kuigizia itachongwa wakati wowote. Mbugu za mavazi zitapigwa wakati wowote. Atakayefika na kamera yake akiwa amechelewa atayakuta yote hayo tayari, yamepangwa vizuri, na hatamkuta mtu wa kumwambia maana yake.